Chuchumaa Nikuone

 Mbele yangu wamo wazee, wauguzi, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, walimu wa michezo, makocha, na vijana waliokuja kwa kuwa wamesikia kutakuwa na habari za mpira.

Kabla sijaendelea, naomba kila anayeweza asimame, asogeze kiti, achuchumae mpaka chini, kisha ainuke. Asiyeweza abaki amekaa, hakuna atakayemuuliza.

Asanteni. Nimeona ya kutosha. Mzee wa shati la kijani ameshuka mpaka chini, visigino sakafuni, akatulia pale. Angeweza kukaa hata nusu saa. Kijana aliye ubavuni kwake, ambaye viatu vyake vinanionyesha ni mtu wa ofisini, ameishia kwenye vidole vya miguu na nusura aende chali. Mama wa safu ya pili ameshuka vizuri, lakini wakati wa kuinuka amejisukuma kwa mkono juu ya paja. Watu watatu, na kwenye mafaili yetu wote watatu wangeandikiwa maneno yale yale: "anaweza kuchuchumaa".

Mhadhara wangu ni ugomvi na sentensi hiyo. Kuchuchumaa ni kipimo kizuri mno cha namna mtu anavyoitawala miguu yake. Hakidai umeme wala mashine, sakafu na jicho vinatosha. Ila kinasema kweli pale tu mpimaji anapouliza swali la pili: kwa nini ameshuka hivi na si vile? Na kwetu huku Magu, ambako watu huanza kuchuchumaa kabla hawajajua kusema, swali hilo la pili lina uzito kuliko kwingine.

Tuanze Dar es Salaam, halafu turudi huku kwetu ziwani.

Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, hupokea watu wengi waliovunjika mfupa wa paja, na wengi wao ni wa ajali za barabarani. Wa kwetu wanapelekwa Bugando, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971 juu ya kilima kile, na hakuna aliyemo humu asiyejua bodaboda zimeijaza wodi ya mifupa kiasi gani. Siku hizi paja lililovunjika hutibiwa kwa kupitishiwa chuma kirefu ndani ya mfupa. Upasuaji ukienda vizuri, mgonjwa anasimama kwa magongo baada ya muda mfupi. Shida huanza akisharuhusiwa. Anarudi Kahangara au Ng'haya, anaambiwa aje tena kwa eksirei baada ya wiki sita, kisha miezi mitatu, kisha sita. Nauli yake, nauli ya anayemsindikiza, siku nzima ya kazi imekwenda, na akifika anaweza kuambiwa mashine ni mbovu. Mara ya pili haji. Daktari aliyempasua hajui kama mfupa umeunga au chuma kimekatika.

Kuna daktari wa mifupa Mmarekani, Lewis Zirkle, aliyeanzisha shirika liitwalo SIGN mwaka 1999 katika mji wa Richland, jimbo la Washington. Shirika hilo hutoa vyuma vya aina hiyo kwa hospitali za nchi zenye kipato kidogo, na vyuma vyenyewe vimebuniwa ili viwekwe hata pale ambapo chumba cha upasuaji hakina eksirei. Madaktari wanaovitumia huweka picha za wagonjwa wao katika hifadhidata moja ya shirika. Humo ikazoeleka picha ya namna ya pekee: mgonjwa amechuchumaa, na anatabasamu.

Mtu angeweza kuiona picha hiyo akadhani ni ya kuwafurahisha wafadhili. Watafiti kutoka Chuo Kikuu cha California, San Francisco, pamoja na madaktari wa MOI, wakiwemo Billy Haonga na Edmund Eliezer, waliiona kwa jicho jingine. Walijiuliza kama picha hiyo inaweza kuwa kipimo cha kuaminika cha kuunga kwa mfupa wa paja, na kazi yao juu ya wagonjwa wa Dar es Salaam ikachapishwa mwaka 2019 katika jarida la Journal of Bone and Joint Surgery. Waliigawa picha katika mambo matatu. Mgonjwa ameshuka kiasi gani? Ameshika kitu au hakushika? Na uso wake unasemaje? Kila jambo likapewa alama, alama zikalinganishwa na hali ya mfupa na maendeleo ya mgonjwa.

Nawaheshimu kwa hilo la pili na la tatu. Wengi wetu tungeishia kwenye la kwanza. Mtu anaweza kushuka mpaka chini huku amekamata mguu wa meza, na mkono ule umebeba sehemu ya mzigo ambao mguu ulipaswa kubeba. Uso nao hutangulia kusema kabla ya mdomo. Hapa kwetu mgonjwa mwenye adabu akiulizwa na daktari "unaendeleaje" hujibu "mzima", hata kama amelala macho usiku kucha. Taya likikazwa, macho yakifumbwa wakati goti linakunjwa, huo ndio ukweli wake.

Hata hivyo picha moja ya mbele haitoshi kwa kazi yetu sisi wa fiziotherapia. Mfupa unaweza kuwa umeunga na mguu usiwe umerudi. Mzungukeni mgonjwa, msimame nyuma yake anaposhuka. Mtaona makalio yanahama polepole kuelekea upande wa mguu mzima. Ameshuka chini kabisa, hajashika kitu, anatabasamu, na mguu uliovunjika umebeba robo tu ya uzito. Mwenye shaka aende kliniki ya wajawazito akaazime mizani mbili, aziweke sambamba, kila mguu juu ya mzani wake, kisha mgonjwa ashuke nusu tu. Tofauti itasomeka. Mgonjwa mwenyewe huwa anashtuka, kwa sababu hakujua kwamba anajidanganya.

Sasa turudi nyumbani.

Vipimo vingi vya kuchuchumaa vilivyomo vitabuni vimetungwa kwa watu wanaoishi juu ya viti. Kipo kinachojulikana sana, kilichobuniwa na Wamarekani Gray Cook na Lee Burton: mtu anashika fimbo juu ya kichwa kwa mikono miwili iliyonyooka, anachuchumaa. Mapaja yakishuka chini ya usawa wa magoti, visigino vikibaki chini, magoti yakielekea kwenye vidole na fimbo isipite mbele ya miguu, anapata alama 3. Akishindwa anawekewa ubao wa unene wa inchi mbili chini ya visigino. Akifaulu hapo anapata 2. Akishindwa hata hapo, 1. Akisikia maumivu, sifuri. Kwa karani wa Chicago, kipimo hicho kinachuja. Sasa nendeni mwaloni asubuhi muwaangalie akina mama wanaoanika dagaa. Wanachuchumaa, wanatandaza, wanasogea hatua mbili bila kusimama, wanatandaza tena. Mwenye kupika kwenye mafiga, mwenye kuamkia wakwe kwa magoti, mtoto anayecheza bao la vishimo ardhini, na sisi sote tunaotumia choo cha shimo: kwa watu wa namna hii kushuka mpaka chini ni jambo la kila siku. Nendeni Bujora, hapo Kisesa, wakati wa sherehe za Bulabo, muwatazame Bagika na Bagalu wakishindana kucheza ngoma. Mchezaji wa bugobogobo anayeinama na kushuka na jembe mkononi, akalirusha na kulidaka kwa mdundo wa ngoma, hatashindwa na fimbo ya Cook.

Jirani zetu Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi, ng'ambo ya Meatu, wamewahi kufungwa vifaa vidogo vya kupimia mwendo wa miili yao. Utafiti huo, ulioongozwa na David Raichlen na kutoka mwaka 2020, ulionyesha kwamba wanapumzika karibu saa 10 kwa siku wakiwa macho, muda usiopishana sana na wa watu wa miji tajiri. Tofauti iko katika mkao. Sehemu ya mapumziko yao ni kuchuchumaa na kupiga magoti, na misuli ya miguu katika mikao hiyo hufanya kazi kuliko ikiwa kwenye kiti. Mifupa yenyewe hukumbuka: tangu mwaka 1889 mtaalamu wa maungo Arthur Thomson alikwisha kueleza vibapa vidogo vinavyojichonga mbele ya kifundo cha mguu kwa watu waliozoea kuchuchumaa.

Nisieleweke vibaya, sisifu umaskini. Utafiti uliofanywa Beijing na kuchapishwa mwaka 2004 ulikuta kwamba wazee waliochuchumaa kwa saa nyingi kila siku ujanani walikuwa na usagikaji zaidi wa magoti. Mwili uliozoea kuchuchumaa nao huchakaa. Ninachosema ni kwamba kwa watu wa Magu kina cha kushuka, peke yake, hakitofautishi goti zima na goti lenye matatizo. Goti bovu la mtu aliyezoea litashuka tu, kwa kuwa limejifunza njia za mkato.

Basi tuzitazame njia za mkato. Kuchuchumaa kunashirikisha viungo vitatu: kifundo, goti na nyonga. Kimoja kikikataa, viwili vilivyobaki hulipa deni lake, na mara nyingi anayelalamika ndiye asiye na kosa. Goti huletwa hospitalini linauma, kumbe kifundo chini yake kimekaza tangu siku mgonjwa alipoteguka kwenye jaruba la mpunga miaka mitatu nyuma.

Kwa hiyo, mtu akishuka vibaya, usimwandikie alama kwanza. Badilisha kitu kimoja, umwambie ashuke tena. Weka kipande cha mbao au vitabu viwili chini ya visigino. Akishuka vizuri ghafla, tatizo lako liko kwenye kifundo, na kelele zote za goti ziwekwe kando kwa muda. Thibitisha ukutani: avue viatu, asogeze mguu mmoja nyuma kidogo kutoka ukutani, agusishe goti ukutani bila kisigino kuinuka, kisha aendelee kusogea nyuma mpaka afike mwisho wa uwezo wake. Pima kwa rula kutoka kidole gumba hadi ukutani. Wengi wenye vifundo vizuri hufika sentimita 10 au zaidi. Kila sentimita ni takriban nyuzi tatu na nusu za mkunjo wa kifundo. Mimi sishughuliki sana na idadi yenyewe. Ninachotafuta ni tofauti kati ya mguu wa kulia na wa kushoto. Ikizidi sentimita mbili, nimepata mahali pa kuanzia.

Ubao haukusaidia? Mpe nguzo ya kushika mbele. Akishika akashuka vizuri, viungo vinakunjika, ila nguvu au mizani ya mwili haipo. Bado? Mlaze chali, umwambie akumbatie magoti mpaka kifuani. Ikiwa akilala nyonga na magoti yanakunjika yote bila maumivu, na akisimama yanakataa, basi nafasi ipo na kinachokosekana ni utawala wake chini ya uzito. Ikiwa hata akilala yanagoma, kuna kiungo kilichokaza au kilichoharibika ndani, na hapo usimpe mazoezi ya kushuka na kuinuka mpaka ujue ni nini. Haya yote ni kazi ya dakika tano, na ndiyo swali la pili nililolisema mwanzo.

Tunafika kwenye mguu mmoja, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo miguu ya watu wetu inapojieleza.

Kutembea ni kusimama kwa mguu mmoja, kwa zamu. Kupanda ngazi, kuruka mfereji, kupiga mpira, kushuka kwenye mtumbwi na kapu la samaki kichwani, vyote ni mguu mmoja. Miguu miwili ikishuka pamoja husaidiana na kufichiana siri. Daktari wa upasuaji Mjerumani Friedrich Trendelenburg alilijua hilo mwaka 1895 alipoeleza kwamba mwenye nyonga mbovu akisimama kwa mguu mmoja, kiuno cha upande wa pili huporomoka, kwa kuwa misuli ya pembeni mwa nyonga inayopaswa kukishikilia imeshindwa. Alihitaji macho yake tu.

Kipimo ninachokipenda ni kile alichokifanyia kazi Kay Crossley wa Australia na wenzake, wakakichapisha mwaka 2011. Mtu anasimama juu ya kisanduku cha urefu wa sentimita 20 kwa mguu mmoja, mikono imekunjwa kifuani. Anashuka kadiri awezavyo na kuinuka, mara tano, polepole, bila kuruka. Mpimaji anamtazama kwa mbele. Kiwiliwili kimebaki wima au kinayumba na kuinama upande? Kiuno kimelala sawa au kimeporomoka? Paja limegeukia ndani? Goti linaelekea juu ya vidole, au linaingia ndani na kuvuka kidole gumba? Na kwa jumla, anatulia au anatapatapa? Kisha anapangwa: vizuri, wastani, vibaya. Crossley na wenzake walikuta kwamba waliopangwa "vizuri" walikuwa na nguvu zaidi katika misuli ya pembeni mwa nyonga, na misuli hiyo ilikuwa inawahi kuamka kuliko ya waliopangwa "vibaya". Yaani mtu anatazama goti, na anachokiona kinatoka nyonga.

Hapa Magu kisanduku kinaweza kuwa kreti ya soda iliyopinduliwa, kama ni imara, au ngazi ya chini ya baraza. Mnaokwenda kupima wanafunzi, ombi langu ni moja: msiwaambie mnatafuta nini. Ukimwambia msichana "angalia goti lisiingie ndani", halitaingia, na utakuwa umepima utiifu. Kwanza ashuke kwa hiari yake. Baada ya hapo ndipo umsahihishe kwa maneno, umtazame tena. Akisahihika papo hapo kwa neno tu, anahitaji mafunzo. Ameelewa, anajitahidi, na goti bado linaingia? Huyo anahitaji nguvu, na nguvu huchukua wiki nyingi kujengwa. Tofauti ya hao wawili ni kubwa kuliko tofauti ya alama zao. Na mpimaji mmoja ampime mtu yule yule mwanzo na mwisho, maana macho ya watu wawili hayakubaliani kila mara juu ya nani ni "wastani".

Nina mfano mwingine wa jicho, wa karibu na kwetu, ingawa ni wa huzuni. Mwaka 1985, wakati wa ukame, wilayani Tarime, kando ya ziwa hili hili, watoto na akina mama waliokuwa wazima walipata ghafla ukakamavu wa miguu yote miwili. Ndani ya siku chache mtu aliyekuwa akilima akawa anatembea kwa ncha za vidole, magoti yamekaza, wengine kwa fimbo mbili. Chanzo kilikuwa mihogo michungu iliyoliwa bila kulowekwa na kukaushwa ipasavyo, kwa watu ambao hawakuwa na chakula kingine cha maana. Ugonjwa huo huitwa konzo. Daktari aitwaye Trolli alikuwa ameshauandika kutoka Kongo mwaka 1938. William Howlett, Nicholas Mlingi na Hans Rosling, yule Mswidi ambaye baadaye dunia ilimjua kwa mihadhara yake ya takwimu, walikuwa miongoni mwa waliouchunguza Tarime, wakachapisha mwaka 1990. Baadaye, mwaka 1996, Shirika la Afya Duniani lilipoweka vigezo vya kuutambua, cha kwanza kilikuwa hiki: ukakamavu wa miguu yote miwili unaoonekana mtu akitembea au akikimbia. Mwambie atembee, mwambie akimbie, tazama. Vinavyofuata ni historia ya kuanza kwake ghafla na nyundo ndogo ya magotini.

Nimeleta konzo hapa kwa sababu moja. Mtu mwenye miguu iliyokaza kwa tatizo la ubongo au uti wa mgongo naye atashindwa kuchuchumaa na visigino chini, na mpimaji aliyejaa hamu ya mazoezi atasema "kifundo kimekaza" na kumpa ubao. Naye mtoto wa kiume anayeinuka kutoka chini kwa kuyapanda mapaja yake mwenyewe kwa mikono, hatua kwa hatua, si mvivu. Daktari Mwingereza Gowers aliieleza namna hiyo ya kuinuka mwaka 1879, na ni dalili ya misuli inayonyauka. Hao wawili waende kwa daktari leo hii. Aende pia mwenye goti lililovimba na kupata moto, mwenye maumivu ya usiku yasiyopumzika, mtoto anayechechemea na hana jeraha, na aliyewekewa chuma ambaye jana alikuwa anashuka na leo hashuki. Kreti ya soda haiwahusu.

Sasa habari za mpira mlizozisubiri.

Makocha huniuliza: ukiwapima wachezaji wangu, utaniambia nani ataumia? Wanaogopa ile kano ya katikati ya goti ambayo ikikatika mchezaji husikia kitu kimepasuka, na msimu wake unaishia pale. Wasichana huumia zaidi kuliko wavulana, na netiboli na michezo ya shule za sekondari, UMISSETA, ina wasichana wengi. Jibu langu ni hapana, siwezi kukuambia, na anayekuuzia uwezo huo anakuuzia ramli.

Kuna wakati ilionekana tunaweza. Mwaka 2005 Timothy Hewett na wenzake huko Marekani walipima wasichana 205 wa soka, kikapu na wavu wakiruka kutoka juu ya kisanduku. Tisa kati yao baadaye walikatika kano hiyo, na magoti yao yalikuwa yameingia ndani zaidi walipotua. Mwaka 2007 wakaja Kiesel na wenzake na wachezaji 46 wa kandanda ya Kimarekani: waliopata jumla ya alama 14 au pungufu kati ya 21 katika vipimo saba vya Cook na Burton, kile cha fimbo kikiwa kimojawapo, waliumia zaidi. Dunia ya michezo ikaidaka 14 hiyo na kuigeuza mpaka kati ya wazima na wa kuumia. Halafu Wanorwe wakapima wachezaji wa kike zaidi ya 700 wa kiwango cha juu wa soka na mpira wa mikono, wakawafuata kwa miaka, na mwaka 2016 wakatoa jibu: kipimo cha kuruka na kutua hakikuweza kuwatenga watakaokatika na wasiokatika. Mwaka huo huo Roald Bahr, naye wa Norwe, aliandika kwamba vipimo vya kubashiri majeraha havifanyi kazi na huenda havitafanya kamwe. Hoja yake ni rahisi kuielewa hata ukiwa huna hesabu. Magoti yanayoingia ndani ni mengi, kano zinazokatika ni chache. Ukichora mstari popote, wengi utakaowaita hatarini hawataumia, na baadhi ya watakaoumia watakuwa upande uliouita salama.

Kwa hiyo mwalimu wa michezo asije akamwacha mtoto nje ya timu ya michezo ya shule za msingi, UMITASHUMTA, kwa sababu goti lake limeingia ndani juu ya kreti. Ningechukia sana kusikia kwamba mhadhara huu umetumiwa hivyo. Kitu kinachosaidia ni kuwafundisha wote. Programu ya kupasha mwili joto ya FIFA, inayoitwa 11+, ilijaribiwa Norwe kwa wasichana wa miaka 13 hadi 17 katika vilabu 125, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2008: majeraha kwa jumla yalipungua kwa karibu theluthi. Ndani yake mna kukimbia, kuchuchumaa kwa miguu miwili, kwa mguu mmoja, kuruka na kutua kimya na magoti laini. Inachukua dakika 20, haitaki kifaa zaidi ya mpira, na uwanja wenye mashimo hauizuii. Kipimo cha mguu mmoja kinabaki na kazi yake humo humo: kinamwonyesha kocha nani wa kumsahihisha leo, na baada ya wiki nane kinaonyesha kama amebadilika. Kazi hiyo kinaiweza.

Nimalizie na wazee, maana wamenivumilia.

Huko Brazil, Claudio Gil Araújo ana kipimo cha kukaa sakafuni na kuinuka. Unaanza na alama 10, tano za kushuka na tano za kuinuka. Kila unapotumia mkono au goti kujisaidia unapoteza moja, ukiyumba unapoteza nusu. Mwaka 2012 yeye na wenzake walichapisha habari za watu 2,002 wa umri wa miaka 51 hadi 80 waliopimwa hivyo na kufuatiliwa kwa miaka kadhaa, na waliopata alama chache ndio waliofariki zaidi. Magazeti yaliandika kana kwamba sakafu inaua. Aliye dhaifu mara nyingi ni mgonjwa tayari, na udhaifu wa miguu ni alama ya mengi yaliyomo mwilini. Sitawapima wazee wa Magu ili kuwaambia watakufa lini.

Nawapima kwa sababu ya choo. Kampeni ya Nyumba ni Choo imefanya kazi yake, vyoo vimejengwa, na karibu vyote ni vya kuchuchumaa. Bibi anayeshindwa kushuka na kuinuka hulisuluhisha hilo kwa namna ambayo hatakwambia mpaka umuulize faragha: anapunguza kunywa maji kuanzia saa kumi jioni, au anangoja mjukuu atoke shule. Ukimuuliza goti atasema "ni uzee tu, mwanangu". Ukimuuliza choo, ataangalia chini kwanza.

Kwa bibi huyo swali la pili lina majibu mawili. La kwanza ni mazoezi: kuinuka kutoka kwenye kiti bila mikono, kisha kigoda, kisha kigoda kifupi zaidi, na kila hatua wiki kadhaa. La pili ni fundi. Nguzo moja ya mti mgumu ichimbiwe upande wa mkono wenye nguvu, mbele kidogo ya tundu, isiyoteleza, itokeze mpaka usawa wa kifua chake akiwa amechuchumaa ili aivute, na ubao wa kushika kwa ajili ya kuinuka uwe usawa wa kiuno akiwa amesimama. Mpime bibi mwenyewe kabla fundi hajakata mti, kwa sababu urefu wa mtu wa kawaida haupo. Akishashindwa kabisa kushuka, kiti kilichotobolewa katikati hutengenezwa na seremala yeyote wa Magu mjini, na hakuna aibu ndani yake.

Walimu wa michezo mbaki, tuna kreti sita nje na tutafanya kwa vitendo. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii tutakutana nao mchana, na waje na rula. Mzee wa shati la kijani, naomba nikuone kidogo: ulipoinuka mguu wa kushoto ulichelewa.